Uzinduzi wa Kituo cha Kupima Ndimi, Quartier Katoyi

Mheshimiwa Chef wa Quartier. Mwakilishi wake, kwa kuwa Chef mwenyewe hakufika. Mwakilishi wa mwakilishi, kwa kuwa yule mwingine ametoka kupokea simu. Reverendi Padri na Reverendi Pasta, mukae mukifuatana kwa ukubwa. Mama Présidente wa wauza mboga. Wakubwa, wadogo, na ninyi mulio juu ya ukuta: mimi, Kakule Guylain, Coordinateur Fondateur wa Programu ya Kupambana na Mnyoo Tegu wa Kinywani, nawasalimu kwa vyeo vyangu vyote, hata vile ambavyo barua zake hazijasainiwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, mutu akikula nyama ya nguruwe isiyoiva, tegu anapanga chumba tumboni. Mayai yake yanatoka chooni, na mutu asiponawa mikono yanafika mu chakula, halafu vitoto vya mnyoo vinapanda mupaka ku ulimi na mudomo, vinafanya kauvimbe kadogo kasikouma. Ndiyo maana Programu yetu, katika cadre ya stratégie intégrée na multisectorielle, imeamua kukafuata hako kauvimbe phase kwa phase, yaani hatua kwa hatua, bila huruma, mupaka kajiuzulu. (Makofi. Mutu mumoja anapiga filimbi.)

Kuhusu diagnostic, yaani kupima ugonjwa, tumefanya innovation. Munajua wote namna papa Munguakonkwa ananunua nguruwe: anamulaza chini, anamuingiza kijiti mu kinywa, anavuta ulimi kwa kitambaa, anaupapasa, vidole vikikuta punje za mnyoo, anamuachia mwenyewe nguruwe wake. Mimi nilimuona sokoni nikamuteua Expert Principal palepale. Kwa miezi tatu amepima ndimi mia ine na kumi na mbili, na taux ya mafanikio ni cent dix pour cent, mia moja na kumi kwa mia. (Makofi. Sauti: «Ndimi za watu?») Kumi na mbili ni za watu. Tusiingie mu détails. (Kicheko kirefu.)

(Papa Munguakonkwa anasimama: «Coordinateur, mimi niliona ulimi wa huyu mama Thérèse, nikamuambia aende kwa munganga. Mimi najua nguruwe. Dawa siijue.»)

Munasikia unyenyekevu wa wataalamu! Tumupigie makofi akae.

(Mama Thérèse, muuza maharagi wa mji wa Kiwanja, ananyoosha mukono: «Papa Coordinateur, niko naomba kuuliza. Hii kitu ya ulimi iko inakomaa, inakuwa kubwa, sasa hata bugali naimeza kwa shida. Nimetoka Kiwanja na pikipiki juu ya vile mulisema munganga atakata hako kauvimbe leo, akapeleke ku laboratoire, wajue ni nini. Munganga iko wapi? Niko naogopa.»)

Swali nzuri, mama, na litaandikwa. Kukata, laboratoire na vidonge ni Phase ya tano. Leo tuko mu Phase ya utepe. Haraka haraka haina baraka, na mimi mwenyewe nimevumilia mengi: wiki mbili za séminaire kule Himbi, nikilala hoteli mbele ya ziwa, nikikula mara tatu kwa siku kwa ajili ya ndimi zenu, bila kulalamika. (Mama mumoja anasonya.)

Sasa mujibu kwa nguvu. Ulimi safi! (Oyé!) Nguruwe safi! (Oyé!) Coordinateur safi! (Oyé moja, ya shemeji yake.)

Kwa kumaliza, shukrani. Namushukuru fundi Cirimwami, aliyetuazima huu mulango wenye utepe. Mutakaoingia mutatokea mu shamba ya mama Julienne, musikanyage sombe yake, majani ya muhogo, maana nyumba haijajengwa. Namushukuru kinyozi wetu Janvier, aliyekubali kuvaa blouse nyeupe ya munganga. Na zaidi ya wote namushukuru mama Thérèse, ambaye mu rapport niliyowatumia wafadhili siku ya lundi ndiye mugonjwa wetu wa kwanza kupona kabisa. Mama, usogee hapa karibu yangu, mupiga picha amekuwa tayari. Ila nakuomba, kwa heshima ya Programu, ufunge kinywa.