Lenzi Iko Uchi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Jamani! Miaka miwili nimekaa na kitu uchi ndani ya nyumba na hakuna aliyeniambia.

Flashi kapita asubuhi. Huyu ni mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, mshindani wa mjukuu wangu, mtu wa kuchungulia. Kaamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha kaitazama lenzi ya mjukuu mezani, akaguna. Eti mbona haina filta? Nikamuuliza filta ndiyo mdudu gani. Akasema ni kioo cha duara, kinafungwa mbele ya lenzi kama kifuniko, kipokee vumbi na mikwaruzo badala yake. Eti mpiga picha wa maana hatembei bila hiyo.

Nilitaka ardhi ipasuke nizame. Kuambiwa na Flashi!

Mjukuu, binti mzima mwenye studio yake hapa chumba cha mbele, anasema atanunua mwenyewe, nisihangaike. Jumamosi anapiga picha harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Zikitoka vizuri, shule yote ni yake: kila mwanafunzi, kila mwaka. Zikiharibika, Flashi anachukua. Na lenzi ya kazi hiyo ni hii moja, alijinyima mpaka nguo kuinunua. Halafu nisihangaike? Nitahangaika.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda dukani. Sikuaga. Namba ya upana wa lenzi niliinakili kiganjani: 77. Darasa la tatu nililoishia linatosha kwa hilo.

Muuzaji ana kucha safi kuliko za bibi harusi. Kaniwekea filta tatu, akaanza kuhubiri. Hii ukingo wake wa alumini, nyepesi, ila ukiikaza sana inang'ang'ania. Hii ya bei ya kati, wengi wanaipenda. Hii ukingo wa shaba, haugandi ng'o, na kioo chake kimepikwa kikawa kigumu, maji yanateleza. Nikamwambia maneno nimeyasikia. Nimeuza vyombo sokoni miaka thelathini. Sahani nilikuwa siisifu, nilikuwa naigonga mbele ya mteja. Nikatoa ufunguo wa mlango, nikaikwaruza ya kwanza.

Alivyopiga kelele! Utadhani nimemkwaruza yeye. Imeacha mstari. Takataka. Ya pili, mstari. Ya tatu kairukia, kaikumbatia kifuani kama kifaranga. Nikamnyang'anya. Krrr! Hakuna kitu. Haki ya Mungu, hata alama! Ngumu kama kichwa cha marehemu mume wangu.

Nimerudi na zote tatu. Zile mbili kanilazimisha nizinunue, mkosa adabu. Nafunikia vikombe.

Jumatano, tarehe 5

Mjukuu kaiona filta, katoa macho. Kadondosha tone la maji, likakimbia. Kaizungusha kwenye lenzi, ikaingia bila kukwama. Akasema bibi, hata mimi nisingechagua vizuri hivi. Nikamwambia arudie. Karudia.

Nikavuka barabara kumpa Flashi habari yake. Badala ya kunywea, kacheka! Eti filta ni ya vumbi na mikwaruzo, si helmeti. Eti lenzi ikigongwa itaumia tu, filta au si filta. Na hayo kayasema mbele ya fundi viatu, ambaye mdomo wake hauna kufuli.

Nimewaambia wote wawili waje kesho saa nne.

Alhamisi, tarehe 6

Mjukuu kaenda kuangalia mwanga wa ukumbini, mikono mitupu. Vizuri.

Nikatandika kitambaa mezani, kama enzi za soko. Nikaisimamisha lenzi, filta ikiangalia juu. Kuigonga filta peke yake si kipimo. Kazi yake ni kukaa kwenye lenzi, basi igongwe ikiwa kazini. Flashi alipoona nimeshika mchi wa kinu, kashika kichwa. Akaniomba. Akasema amekubali, nimeshinda, tuyaache. Nikamwambia amechelewa.

Ngo! Nzima. Ngo! Nzima. Fundi viatu kapiga makofi, kiatu cha mtu kikiwa kwapani. Pigo la tatu nililitoa kwa heshima ya Flashi. NGO! Nzima, inang'aa! Nikainyanyua lenzi waone.

Ikalia. Kacha, kacha. Kama maharage ndani ya kopo.

Fundi viatu akakumbuka ana kazi.

Ijumaa, tarehe 7

Jana mjukuu alipoingia kaitikisa lenzi sikioni, kacha kacha, kakaa chini. Kauliza, na filta? Nikasema nzima. Kacheka. Kicheko kikageuka, akalia kama siku tuliyomzika mama yake.

Fundi kamera kasema vioo vya ndani vimehama. Si kazi ya leo wala kesho.

Nikajifunga kilemba, nikavuka barabara. Mimi! Kwa Flashi! Maneno niliyapanga tangu jikoni, nikafika nayo nusu. Sijamaliza, kasimama, katoa lenzi yake ya pili kabatini. Nikanyoosha mikono. Hakunipa! Kaivusha barabara mwenyewe, kamkabidhi mjukuu, kwa sharti moja: bibi asiiguse. Nikaapa mbele yao.

Bado nimepigwa na butwaa. Angenyamaza tu, shule ingekuwa yake. Mshindani gani huyu?

Jumapili, tarehe 9

Mambo yamekwenda! Mwalimu mkuu kaziona picha jana hapo hapo ukumbini, kasema mjukuu aanze shuleni kesho. Mjukuu alinikumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili alikuwa kaushikilia mkoba wa kamera.

Sasa amejilaza, amechoka, maskini. Lenzi ya Flashi iko mezani, itarudishwa jioni. Nimeitazama kwa macho tu, mikono nyuma.

Mama yangu! Iko uchi! Huyu huyu aliyenisimanga nyumbani kwangu! Mtu katutendea wema namna ile, halafu tumrudishie kitu chake bila hata kifuniko? Nimemlea nani hivyo?

Filta yetu ya shaba ninayo mfukoni, haina hata alama. Nimeiweka juu ya lenzi yake, haikai. Yake imeandikwa 82. Tofauti ni tano! Vifuniko vya sufuria nilivyovilazimisha sokoni vilipishana zaidi ya hapo. Inataka mafuta kidogo ya kupikia na kugongwa kidogo, taratibu, hesi za kuzungushia zielewane.

Kiapo changu nakikumbuka. Lenzi sitaigusa. Nitagusa filta tu, na mchi.