Nilivyompigia Marehemu Mama Simu Pale Posta

Shoga yangu, wewe nakuamini, kaa nikwambie. Leo nimeumbuka.

Nimetoka Kariakoo kununua viungo vya pilau, nikasema nipite Posta kwenye lile jengo la zamani la simu. Nimesikia wanataka kulikarabati. Marehemu mama alikuwa opareta pale, enzi zile ukitaka kumpigia mtu lazima opareta akuunganishe. Hata nyumbani kwetu Magomeni, nikitaka kuongea na baba, mama ananiambia, "Subiri nikuunganishe." Nilitaka nipaone alipokuwa anakaa, basi, kabla hawajavunja kuta za ndani.

Mlinzi kaniruhusu. "Angalia tu mama, usiguse."

Mtambo wenyewe wa kuunganishia simu bado upo pale mapokezi, kando ya foleni ya watu wa ofisi za juu, umejaa matundu na nyaya. Pembeni, mezani, kuna simu nyeusi nzito, waya wake unapotelea nyuma ya mtambo. Mlinzi akaenda kufungua geti.

Nikagusa. (Masomo ya watu wazima ya jioni nimemaliza, kusikia ninaloambiwa ndiyo bado.)

Nikaiweka sikioni. Kimya. Hapo ndipo nilipojua nilivyommisi.

"Shikamoo mama. Ni mimi. Salma kamaliza shule, alhamdulillah. Wali wangu bado unashika chini. Na baba Salma bado anakoroma, si ulinionya."

Machozi hayo. Nikamsomea Fatiha, nikamwombea kaburi lake liwe na nuru.

Huko juu ghorofani watu wakaitikia: "Amin."

Mlinzi huyo anarudi mbio. "Mama, hiyo si ya kupigia, ni ya kutangazia kwenye spika, ndiyo tunayowaitia wenye magari waje kuyatoa. Inasikika jengo zima!"

Nikavuta ushungi mpaka puani. Natafuta mlango, siuoni. (Nimeingilia huo huo.)

Kwenye ngazi anashuka bibi mmoja, simjui, kashika ukuta, anahema. "Ni wewe uliyetoa shikamoo?"

"Ni mimi, bibi. Nisamehe. Ilikuwa ya mama yangu."

"Najua. Lakini shikamoo haiachwi hivi hivi bila mtu wa kuipokea. Marahaba, mwanangu." Akapumua kidogo. "Na huo wali, punguza moto."

Nikalia upya, pale pale mbele ya foleni ya mapokezi, mfuko wa viungo mkononi.

Haya shoga, cheka umalize. Kisha mtumie mwenzio, na yeye amtumie mwenzake: mwenye mama anayepokea simu ampigie leo. Ila baba Salma umruke.