Shingo ya Kaisari

Jumatatu, 2 Juni
Shingo imekaza! Na sasa, jamani? Miaka miwili mfululizo nimemdungua ndege wa mbao mwenye manyoya kileleni mwa mlingoti, miaka miwili mfalme wa chama chetu cha upinde. Nikimdungua Jumapili hii, mara ya tatu, mimi ni kaisari hadi kufa. Lakini mke wangu Godelieve, naye mwanachama, kaficha upinde wangu. Eti sitaugusa mpaka Lieselot, yule binti anayetibu viungo, aniruhusu. Roho ngumu! Supu yake ilikuwa tamu, hata hivyo.

Jumanne, 3 Juni
Lieselot kanilaza chali, kaniwekea kifuko cha hewa chenye kipimo chini ya shingo. Niitikie kwa kichwa taratibu, sindano ya kipimo ipande kidogo kidogo kutoka ishirini hadi thelathini. Rahisi! Nikakandamiza kichwa kwa nguvu zote. Ikapita hamsini!

Hakupiga makofi. Akasema kamba zilizonitoka shingoni ni misuli ya juu, inajipendekeza tu. Yeye anautafuta msuli mrefu wa ndani, ulio mbele ya pingili za shingo, nyuma ya umio. Ndio unaoinamisha shingo na kuzishika pingili zisiyumbe. Wangu, kasema, umelala usingizi wa pono.

Alhamisi, 5 Juni
Mbinu: skafu ya sufu, asizione kamba. Nikadai nina mafua. Nje jua kali! Akaifungua mwenyewe, akaniuliza, Mzee Odiel, unamdanganya nani, shingo si yako?

Ijumaa, 6 Juni
Mazoezi jikoni. Kuitikia mara kumi, kila mara sekunde kumi. Godelieve ananihesabia. Kumbe katikati anauliza mambo: Julai twende kwa dada yake kule Ostende? Nitapaka rangi banda? Nami naitikia tu! Mjanja huyu mwanamke. Nampenda kupita kiasi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimefaulu kipimo cha Lieselot! Bila hila, aibu iliyoje. Sharti moja: kila nikitupa mshale, niinamishe kichwa. Kukodolea macho juu, marufuku.

Jumapili, 8 Juni
Mshale wa kwanza ukampapasa ndege. Akayumba. Ataanguka? Nani angeinama hapo? Nikakodoa dakika nzima. Ndege hakuanguka. Kichwa hakikurudi! Wenzangu wakanibeba hadi kwenye benchi, nikalazwa natazama mawingu.

Ikafika zamu ya Godelieve. Mimi niliyelala chali ndiye niliyemwona ndege vizuri kuliko wote, akishuka manyoya yametawanyika. Mke wangu malkia! Machozi yakanitiririkia masikioni.

Jumatatu, 9 Juni
Nimefungwa kola. Ukaisari umeyeyuka, nianze upya, miaka mitatu. Godelieve kanilisha kome mmoja mmoja, taji kichwani, akinicheka.

Nikamtazama shingo kwa makini. Haiko sawa ile, haki ya Mungu. Nimemwandikia Lieselot kwa siri, kwa jina la Godelieve, kana kwamba ni yeye mwenyewe anayesihi akatazwe kushika upinde mwakani mpaka apone kabisa. Mke nampenda, lazima nimjali.