Shukrani Isiyo na Harufu

Jumatatu, 3 Machi

Ajira! Mungu ni mwema. Namshukuru shemeji, aliyenipigia debe kwa Daktari wa maabara. Namshukuru hata mama mkwe, aliyetuhifadhi kwenye chumba cha uani mwaka mzima. Nikithibitishwa kazini mwisho wa mwezi, tunahama. Nisipothibitishwa, tunabaki, na mama mkwe keshaanza kununa.

Kazi yenyewe: kutunza panya weupe. Daktari anapima kama dawa ya kuulia wadudu wa shambani inaharibu vinasaba. Panya wa Bwana Sabuni, mwenzangu anayenawa mikono kila akikohoa, wananyweshwa dawa iliyochanganywa na mafuta. Wangu, chumba cha pili, mafuta matupu, wawe wa kulinganishia. Yaani yeye dawa, mimi mafuta! Ugeni una mambo.

Jumatano, 5 Machi

Mende chumbani kwangu! Na kesho ukaguzi! Bwana Sabuni kanishauri nimwambie Daktari, aite watu wa usafi. Thubutu! Ili nionekane mchafu? Mchana nimechomoka hadi dukani, nikanunua dawa ya kopo. Nimepuliza kona zote, chini ya vizimba, na juu yake kidogo kwa tahadhari. Mende chali. Panya walipiga chafya, nadhani walikuwa wananishukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari kasifu chumba, hakina hata sisimizi. Kauliza harufu ile ni ya nini. Nikasema marashi yangu. Akarudi nyuma hatua moja. Heshima hiyo! Bwana Sabuni hakusifiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu! Daktari kachukua uboho wa panya wa vyumba vyote viwili, akatazama seli kwa hadubini. Seli iliyoharibika huwa na kipande cha kiini kilichomeguka. Panya wa Bwana Sabuni wanavyo vipande hivyo. Wangu je? Wanavyo vilevile! Tumewafikia! Nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu. Daktari alikaa chini, akasema panya wasiopewa dawa hawakutakiwa kuwa hivyo, na kazi yote imeharibika.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Kopo langu limeonekana kwenye pipa la taka. Nilimweleza Daktari kwa upole kwamba ile ni ya mende, wala si ya shambani. Akaniambia nikafungashe vyangu. Machoni nikamwona mama mkwe.

Ndipo Bwana Sabuni akaingilia kati. Akasema nisibebeshwe lawama peke yangu: alijua kuna mende, alijua mimi mgeni, na bado akaenda kula badala ya yeye mwenyewe kumwambia Daktari. Akaomba tuanze upya, hata Jumapili atakuja. Daktari akashusha pumzi, akakubali. Nimelia mbele za watu. Nimemkumbatia Bwana Sabuni, naye akaenda kunawa. Ndugu wa kuzaliwa asingenifanyia vile.

Jumatatu, 17 Machi

Panya wapya wamefika, na mimi nimepandishwa! Tumebadilishana vyumba. Sasa mimi ndiye ninayenywesha dawa, Bwana Sabuni kapewa wale wa mafuta matupu. Daktari kasema upande huu nitaharibu kidogo. Imani ya namna hii sijawahi kupewa. Nyumbani, mke wangu kaimba jikoni, na mama mkwe katutolea mabegi yetu uani, tena kayafuta vumbi. Niwashukuru vipi watu hawa?

Lakini Bwana Sabuni ndiye aliyeniokoa. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi si punda. Alipokwenda kunawa nikachungulia chumbani kwake. Mende! Nadhani ni ndugu wa wale niliowaua, kaja msibani. Na kesho Daktari anakagua. Maskini Bwana Sabuni, aumbuke wakati mimi nipo?

Nikawahi dukani. Nimepuliza kona zote, chini ya vizimba, na juu yake sikubana mkono. Wala sitamwambia, wema hautangazwi. Safari hii nimenunua ile isiyo na harufu, na kopo nimerudi nalo nyumbani.