Kokoto Tatu Mbele ya Lango

Leo nimeadhirika. Nnaandika mwenyewe haraka haraka kabla hamjasikia kwa shemeji yangu Khatib, maana yeye akisimulia atatia chumvi, na hili halitaki chumvi.

Wasionijua: mie Suleiman, muuza mapazia, Mlandege. Barazani kwetu Michenzani tuna mchezo wa fantasi. Tuko sita. Kila mmoja anachagua wachezaji kumi na mmoja kutoka timu za ligi ya mitaa yetu, wao wakicheza vizuri uwanjani, wewe uliyekaa unapata pointi. Mshambuliaji akifunga goli, pointi nne. Beki akifunga, sita, na timu yake isipofungwa anapata nne nyengine, na golikipa vile vile. Za kapteni wako zinahesabiwa mara mbili. Daftari analo Bi Zuwena, mwalimu mstaafu, na ikifika saa nne asubuhi siku ya mechi analifunga, hata ulie.

Leo ilikuwa raundi ya mwisho. Mie nilikuwa wa tano. Wa sita alikuwa Khatib, nimemzidi pointi mbili tu. Na atakayekuwa wa mwisho, kwa sharti letu, ndiye atakayepika kahawa na kuwatilia watu barazani mpaka msimu ujao.

Mtasema kahawa si kitu. Subirini. Kwenye baraza ile hukaa mkwe wangu, Mzee Othman, baba yake Khatib. Hachezi fantasi, anakaa tu na tasbihi yake na kututazama. Miaka sita nimemuoa binti yake, na miaka sita nnajitahidi anione mtu mzima mwenye akili timamu. Hanitanii, simtanii. Sasa leo nimtilie kahawa kwa sababu nimeshindwa mchezo wa kubahatisha, tena nimeshindwa na Khatib? Hata!

Basi jana akaja dukani mke wa Makame, golikipa wa Mwewe. Mwewe ni timu ya Kiembe Samaki. Kaja kununua pazia la chumbani, mara akaanza kulalamika.

"Mume wangu halali siku hizi. Kocha kawapunguzia beki. Walikuwa wanne, sasa watatu."

Nikaweka mkasi chini.

Hapa lazima niwafahamishe, maana ndipo akili yangu ilipopotelea. Mwewe wana beki wa kushoto anaitwa Ngazi, fundi rangi, mrefu, hachoki. Wakicheza mabeki wanne, Ngazi anabaki nyuma analinda. Kwenye fantasi hana faida, hakuna anayemtaka. Wakicheza watatu, kuna mawili. Ama yumo katika hao watatu, na thamani yake ndiyo imekufa kabisa. Ama kasogezwa mbele ubavuni, anashambulia kama winga, na huku kwenye daftari la Bi Zuwena bado kaandikwa beki! Akifunga, sita. Nikimfanya kapteni, kumi na mbili. Dhahabu imelala njiani. Lakini ni lipi kati ya hayo mawili? Mke wa golikipa hajui, na kocha wao hufanya mazoezi asubuhi na mapema ili watu wasione.

Nikaamua kwenda kuona.

Leo saa mbili na nusu nikapanda vespa yangu. Kisingizio nnacho: kuna nyumba kule niliitwa kupima madirisha. Mkobani nna futi ya kupimia, chaki, na sampuli za vitambaa. Ya juu kabisa nyekundu. (Ishikeni hiyo.)

Kufika, mazoezi yamekwisha! Wachezaji wamo bandani kwao wanakunywa chai. Uwanja mtupu. Nilitaka kulia. Halafu nikaona chini kuna vishimo. Kocha wao huchomeka fimbo kila anaposimama mchezaji, na fimbo zilikuwa zimeng'olewa, vishimo vimebaki. Nikajiambia, Suleiman, leo Mungu kakupa.

Tatizo, ukisimama mbali vishimo havionekani. Nikaokota kokoto, nikaweka moja kwenye kila kishimo. Tatu mbele ya lango. Kweli, mabeki watatu! Nikafuata upande wa kushoto, nikakuta kishimo kule mbele kabisa, kimepita katikati ya uwanja. Nikatoa futi nikapima. Nikapima tena. Nikachomeka kijiti, nikakifunga ile sampuli nyekundu nipate kukiona nikiwa golini. Kisha nikarudi golini, nikasimama katikati ya lango, nikawa nnaucheza mchezo kwa mdomo huku nnaonyesha kwa mkono:

"Ngazi anapanda... Ngazi anapanda... Makame kabaki peke yake... hapa wataingia... Makame kwisha."

(Nilikuwa nasema kwa sauti. Sikujua.)

Nikatoa karatasi yangu ya timu. Jina la Makame nikalikata, maana golikipa mwenye mabeki watatu atafungwa tu. Jina la Ngazi nikaliandika, nikalizungushia duara mara mbili. Nikampelekea Bi Zuwena ujumbe: kapteni wangu Ngazi, Makame namtoa. Akajibu: "Nimepokea. Daftari nimefunga."

Ndipo nyuma yangu nikasikia, "Assalaam alaykum."

Mzee Vuai, mwangalizi wa uwanja. Kasimama na ufagio wa chelewa. Sijui alikuwepo tangu lini.

"Waalaykum salaam. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini golini kwetu siku ya mechi?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Madirisha."

Mzee Vuai akautazama uwanja mzima, pole pole, kuanzia pembe hii mpaka ile. Akatazama zile kokoto. Akatazama kitambaa chekundu kinapepea peke yake. Kisha akapiga ukelele ambao nadhani mpaka uwanja wa ndege walisikia.

"Jamaniii! Tumeingiliwaaa!"

Wakatoka wote. Chai mkononi, maandazi mdomoni. Wakanizunguka. Kocha akaniambia nitoe nilicho nacho, nikatoa futi, chaki, na ile karatasi. Hapo mambo yakaharibika kabisa. Makame mwenyewe ndiye aliyeisoma.

"Mie nimekatwa," akasema.

Ngazi naye akachungulia. "Na mie mbona nimezungushiwa duara?"

"Duara ni jambo zuri," nikamwambia. "Wewe ndiye nnayekutegemea leo."

Akarudi nyuma hatua tatu.

Nikajaribu kueleza. Nikamwambia kocha, jamani mie nna timu. Akauliza timu gani. Nikasema timu yenyewe haipo. Haipo wapi? Haipo popote, tunaiwaza tu. Wachezaji wake? Wachezaji wake ni hawa wenu, nnao watano. Tangu lini? Tangu mwanzo wa msimu. Watu wakaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, na wallahi hata mie nikajiona mchawi.

"Nani kakwambia tunacheza mabeki watatu?" kocha akauliza.

Hapo nikanyamaza. Nikimtaja mke wa Makame, nyumba ya watu inavunjika kwa ajili ya fantasi. Nikanyamaza kabisa, na ule ukimya ukanimaliza.

Nikaomba wampigie Khatib, awaeleze mie nani. Wakampigia, spika wazi.

"Suleiman? Ndiyo, shemeji yangu, ana duka la mapazia. Kwani kafanya nini?"

"Tumemkuta golini kwetu Mwewe na kokoto na kitambaa chekundu."

Halafu Khatib, kwa adabu zote:

"Samahani kocha... kwani leo mnaanza na mabeki wangapi?"

Kocha akakata simu. "Na huyu naye yumo," akasema.

Kocha alisema haamini mambo hayo. Alisema mara tatu. Kisha akasema leo wanarudi mabeki wanne, maana watatu washajulikana. Ngazi akavua viatu, akasema hachezi. Wakambembeleza. Hachezi. Mie mwenyewe nilimbembeleza zaidi kuliko wote! Nikamshika mkono, nikamwambia, "Ndugu yangu, cheza, nakuomba, usinifanyie hivi," naye akaupokonya mkono wake. Mzee Vuai akaniokotesha kokoto zote, moja moja, halafu akaniketisha benchi.

"Utakaa hapa mpaka mechi iishe. Ukiondoka na tukafungwa, tutajua."

Nikakaa. Mechi ikaanza saa kumi. Kapteni wangu yupo kwenye benchi hilo hilo, kaenda mwisho kabisa, kajifunika taulo. Mabeki wanne wakasimama kama ukuta. Mwewe hawakufungwa hata moja. Makame, niliyemkata, akadaka mpaka penalti. Na nani barazani kwetu bado alikuwa na Makame? Khatib.

Wakashinda moja bila. Mzee Vuai akanipa mkono. "Umeona? Dawa yako haikufanya kazi." Nilishukuru tu.

Ngazi sifuri, mara mbili sifuri. Bi Zuwena hakuhitaji hata kalamu. Nimekuwa wa sita.

Baada ya magharibi nikafika barazani. Dele la kahawa lishawekwa mbele ya nafasi yangu, makaa tayari. Khatib keshawasimulia kabla sijafika kuwa nimekamatwa golini kama mchawi, wote walikuwa wanatazama chini na mabega yanatikisika. Nikapika. Nikaanza kwa mkubwa, kama inavyopasa. Nikamnyooshea Mzee Othman finjani yake kwa mikono miwili.

"Karibu kahawa, Baba."

Akaipokea. Akaitazama ndani kwa muda. Miaka sita, jamani, mtu huyu hajapata kunitania hata neno moja. Akanirudishia.

"Onja wewe kwanza."

Baraza nzima ikalala chini kwa kicheko. Bi Zuwena akavua miwani akafuta macho. Mkwe wangu mwenyewe akacheka mpaka tasbihi ikamwanguka, na nilipomwokotea akanipiga bega akaniambia nikae karibu yake. Nikakaa. Nikaonja.

Basi, nshasema mwenyewe. Atakayecheka asije dukani kwangu kutaka pazia, hasa jekundu.