Wateja wa Ijumaa

Jumatano, 4 Machi

Barua imefika! Serikali itatulipia sehemu kubwa ya ada ya kituo cha kulelea watoto. Namshukuru Mungu, naishukuru serikali, namshukuru na mke wangu aliyejaza fomu. Mimi niliipeleka tu.

Imefika dakika za mwisho. Mke wangu ni wa maabara ya hospitali, na amekaa nyumbani na mtoto mwaka na nusu kwa sababu ada ilikuwa inameza mshahara wake mzima. Bosi wake amesema arudi Jumatatu, la sivyo nafasi inapewa mwingine.

Kuna tatizo dogo. Ijumaa afisa anakuja kuhakikisha taarifa. Sharti la kwanza: wazazi wote wawili wawe wanafanya kazi. Hapo nikaacha kusoma. Mimi ni fundi cherehani, ndiyo, lakini mteja wa mwisho nilimwona kabla ya mvua. Mke wangu sijamwambia. Ana furaha, kwa nini nimharibie?

Alhamisi, 5 Machi

Nimepata dawa. Wateja wa kuazima! Kesho mke wangu atakuwa hospitalini kusaini makaratasi. Chumba changu cha kazi kitajaa watu.

Nimemwomba mama mkwe. Akasema uongo hauwezi, ila kukaa kwenye kiti anaweza. Nikamfuata kinyozi wa mlango wa pili, mtu ambaye hajawahi kuniitikia hata salamu bila kuniongezea ushauri. Akataka kujua atalipwa nini. Nikamwahidi koti. Akaanza kufanya mazoezi palepale, mbele ya kioo chake, huku mteja wake kaachwa na nusu ndevu.

Ijumaa, 6 Machi

Siku ya kiama.

Afisa ni mama mpole mwenye miwani na faili. Amemkuta mama mkwe kimya na kitambaa mapajani, mtoto anatafuna futi yangu ya kupimia, na mimi nakanyaga cherehani isiyo na uzi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kinyozi akafungua mdomo. Akasema amepanga foleni tangu alfajiri. Afisa akaandika. Akasema nashona sare za hoteli tatu. Nikamkonyeza. Akadhani namtia moyo! Akasema mwezi ujao nafungua tawi na kuajiri mafundi sita.

Afisa akaacha kuandika. Akasema amefurahi sana kwa ajili yetu, lakini msaada ni wa familia zenye kipato kidogo, na kituoni imebaki nafasi moja. Akafunga faili. Jasho likanitoka mpaka miguuni. Akilini nilimwona mke wangu na koti lake jeupe la maabara, limekunjwa kabatini milele.

Mama mkwe akasimama.

“Mwanangu, usilifunge hilo faili. Huyu hana mteja hata mmoja. Mimi ni mkwewe, na huyu mwenye maneno ni kinyozi. Binti yangu asiporudi kazini Jumatatu, kazi imekwenda.”

Afisa akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Sikumbuki lini niliwahi kuona aibu kiasi kile.

Akaomba ile barua. Akaigeuza nyuma. Mimi sikuwa nimeigeuza. Sharti linaendelea huko: awe anafanya kazi, au anatafuta. Na mke wangu alishaandika kwenye fomu kwamba mumewe kazi zimemwendea kombo. Walishatukubali! Mama wa watu alikuja kutazama kadi ya chanjo na kuuliza kama mtoto kuna chakula kinachomdhuru.

“Futi,” akasema mama mkwe.

Afisa akacheka, akasaini. Nikamshukuru mara saba. Ya saba alikuwa keshafika barabarani.

Jumapili, 8 Machi

Mke wangu ameshajua. Alicheka, akaniuliza kwa nini sikumwambia yeye kwanza. Nikamletea pasi. Akapiga pasi koti lake akiimba. Sijamsikia akiimba tangu mtoto azaliwe, na machozi yalinilenga, nikasingizia mvuke wa pasi.

Mama mkwe ameniachia kitambaa chake, anataka gauni kweli. Kinyozi anadai koti, eti yeye ndiye aliyetuokoa.

Jumatatu, 9 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi na koti jeupe, anatembea kama mwenye hospitali. Asante, serikali. Asante, mama mkwe. Kwa moyo wote, asante.

Mtoto nilimpeleka mimi. Hakulia. Akaona midoli, akanipa mgongo. Nililia mimi, dirishani, hadi mlezi akatoka na kuniambia kwa upole kwamba wazazi hawaruhusiwi kusimama pale, nirudi saa kumi.

Nyumbani kimya kinaniumiza masikio. Nimefikiri sana, na nimekoma kabisa mambo ya uongo.

Ila yale madirisha ya kituo hayana mapazia. Kesho nitakwenda kuyapima, kama fundi waliyemwita. Hawajaniita, lakini hilo ni jambo dogo. Nimeshamweleza kinyozi, na amekubali kuwa msaidizi wangu.