Sikio la Rughenda

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya wagonjwa kumi na wanne, ndugu zao waliokuja kuwapikia, kuku wawili na mama mmoja mwenye tension. Ninawaandikia haraka, jamaa zangu wa Rughenda, kwa sababu madereva wote wa Butembo wanapita hapa Beni, na kesho kutwa habari hii itawafikia ikiwa imeota mikia. Isikieni kwangu kwanza. Someni kwa sauti pale kibandani nilipotengenezea redio, lakini fungeni mlango.

Mnajua nilivyofika kwenu. Vita ya kwanza ilinikuta Kisangani, redio tatu za watu zikiwa wazi mezani. Kabla ya hapo nilishakaa Kindu, Isiro na Buta, maana mguu wangu haujui kutulia, lakini safari ile sikuichagua. Nilibeba bisibisi zangu na chuma cha kulehemu, nikashika njia ya msituni kwa mguu. Bafwasende. Nia-Nia. Mambasa. Wiki tano za matope na mihogo ya kuomba. Mama yangu nilimwacha mlangoni, nikamwambia, "Nitarudi mvua ikikatika." Mvua imekatika mara nyingi tangu siku ile. Vita moja ilipoisha ilizaa nyingine, na mimi nikabaki kwenu Butembo, kwenye baridi na mikaratusi, nikijifunza kula kabichi.

Ninyi ndio mlionipa chumba karibu na uwanja wa ndege, na pale ndipo nilipopata jina. Sikio la Rughenda! Ndege ilipokuwa bado mbali, mimi niliinua kidole na kusema, "Antonov, imejaa," au, "Ndogo, ya wafanyabiashara." Wamama walishika watoto wao kwa neno langu. Sikukosea hata siku moja. (Mara moja tu. Ilikuwa mashine ya kusaga unga. Tulishasameheana.)

Basi, siku kumi hivi zilizopita niliwaaga, nikashuka Beni. Papa Kambale, yule dereva mwenye jino la dhahabu, alikuwa ametangaza kwamba lori lake litakwenda mpaka Mambasa, la kwanza tangu njia ifunguke. Kutoka Mambasa nilijua nitajitafutia baiskeli au mguu. Kuna mtu alitoka Kisangani akaniambia mama bado yuko, ila macho yamepungua, na kila jioni anauliza kama mvua imekatika. Kwa hiyo kiti kile juu ya magunia ya chumvi nilikitaka kuliko kitu chochote duniani.

Siku ya pili Beni, homa ikanipiga. Nilitetemeka mpaka kitanda kikasogea kutoka ukutani. Nikanunua kinini ya vidonge, dawa ya homa, nikameza siku mbili, nikapona kabisa. Nikafanya kama tunavyofanya sote tangu vita ianze: vidonge vilivyobaki nikaviweka kwenye kibiriti, viwe vya njia. Dawa ikipatikana, mtu mwenye akili hamezi yote. Nani anajua duka la dawa linalofuata liko wapi?

Siku nne baadaye homa ikarudi na ndugu zake wote. Nikajikuta kwenye kituo cha afya hapa mtaa wa Bungulu, nimelala kama gunia, na mbele yangu muuguzi, Mama Kahindo, mwanamke mfupi mwenye saa ya mwanaume mkononi.

"Papa fundi, ulimeza kinini ya siku ngapi?"

"Siku mbili, mama. Nikapona."

"Na ingine iko wapi?"

"Niliweka ya njia."

"Ni njia iko mugonjwa, ao ni weye?"

Chumba kizima kilicheka. Nikajitetea kwamba hii si malaria, ni mvua iliyoninyeshea njiani, na kwamba mimi ni mtu wa Butembo, miaka yote hii sikuumwa. Akasema ndiyo sababu. Kule juu kwenye baridi mbu ni wachache, kwa hiyo mwili wangu umeisahau malaria. "Lakini malaria haikukusahau weye." Akauliza kama nina chandarua. Ninacho, kizuri kabisa. Kiko wapi? Nimefungia redio, vumbi lisiingie.

"Redio zako hazitaugua malaria, papa. Nakuambia kweli."

Nilikuwa bado sijaamini, ndipo mzee wa labo, mpima damu, aliponiita. Umeme hapana. Alikuwa ameweka darubini yake dirishani, kioo kidogo cha chini kikikamata jua. Alikuwa amenitoboa kidole asubuhi, akapaka damu yangu kwenye kipande cha kioo, akaitia rangi ya zambarau. "Tia jicho hapa. Usishike meza."

Ndugu zangu, mimi nimefungua redio mia ngapi? Nilidhani nimeona vitu vidogo. Niliona mviringo wa mwanga, na ndani yake sahani nyekundu hafifu, nyingi kama watu wa soko wakitazamwa kutoka kilimani. Na ndani ya baadhi ya sahani, pete. Pete ndogo ya zambarau, yenye kito kimoja pembeni, kama ile anayovaa bibi harusi. Nzuri! Nikauliza ni nini. "Ni malaria, ile ulikuwa unaiwekea dawa ya njia," akasema. Vidonge vya siku mbili vilipunguza pete, homa ikalala, mimi nikajiita mzima. Zile chache zilizobaki zikaendelea kuzaa, kimya, ndani yangu, huku nikila ndizi na kupiga hadithi.

Nililala uso ukutani mpaka jioni. (Mama Masika wa kitanda cha pili anasema huo ndio muda pekee aliopumzika.)

Sasa huyu Mama Masika. Ni mzee, mnene, mjane wa mwalimu. Aliletwa kwa tension, damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Alikatazwa chumvi, akakatazwa hasira, akaambiwa atembee polepole. Alipendelea kuongea. Mimi pia. Kwa hiyo kwa siku mbili nilimsimulia yeye na chumba kizima habari za Sikio la Rughenda: Antonov inavyokoroma, ndogo inavyolia kama nyuki, jinsi ninavyoweza kusema imebeba askari au mzigo. Wakanisikiliza kama padri. Hapa Beni, kama kwenu, ndege inaweza kuleta sukari na inaweza kuleta bomu, na mtu mwenye kujua mapema ni mtu wa kuheshimiwa.

Jana, Mama Kahindo alipokuwa akinifunga serum, chupa ya maji ya mshipani yenye kinini, alianza kusema, "Papa fundi, dawa hii, mu masikio yako..."

Nikamkatiza. "Mama, nifundishe vyote, lakini masikio uniachie mwenyewe."

Akakung'uta mpira wa serum, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tufike leo asubuhi. Papa Kambale alikuwa ameegesha lori barabarani, hatua hamsini kutoka mlango wetu, mzigo umefungwa, na begi langu liko juu tayari. Safari saa nne. Nami nilikuwa na mpango. (Msimwambie mtu.) Serum ikiisha, nijifanye nakwenda chooni, nipande lori. Vidonge vya kumalizia ningepewa leo, navyo ningeviweka kwenye kibiriti. Ndiyo, tena! Pete nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, lakini mama yangu mlangoni nilikuwa nikimwona kichwani kwa miaka mingi zaidi.

Suruali yangu ilikuwa kwenye kamba inakauka. Nilikuwa nimejifunga kikwembe cha Mama Masika, kitenge cha maua ya njano.

Saa tatu hivi nikaisikia. Mbali. Sauti nyembamba, upande wa kushoto. Nikainua kidole.

"Nini, papa?" akauliza Mama Masika.

"Ngoja." Ikaongezeka. Ikahamia kulia. Ikaanza kukoroma pande zote mbili. Sijawahi kusikia ndege karibu namna ile bila kuiona. Nikaruka kitandani.

"Antonov! Iko juu yetu! Inje! Mulale chini!"

Ndugu zangu, mimi nimekimbia vita mbili, lakini mbio kama za leo sijawahi kuziona. Wagonjwa walitoka dirishani. Mtu wa hernia, ile ngiri, aliyefanyiwa upasuaji juzi, alibebwa na mtu wa kipindupindu. Mimi nilishika chupa ya serum juu kama taa, nikakimbilia shamba la maharagwe nyuma ya jengo. Na mbele yangu, mbele yetu sote, alikimbia Mama Masika, yule wa kutembea polepole, na kila akipiga hatua kitu kinaanguka kutoka kwenye nguo zake: kipande cha makayabo. Kingine. Kingine tena. Samaki wa chumvi, jamani, alikuwa amelala juu yake siku zote hizo!

Huko barabarani nikasikia lori la Papa Kambale likinguruma, likaondoka kama limechomwa. Na begi langu juu.

Tulilala chini. Mbingu ilikuwa ya buluu, safi, hata wingu hapana. Dakika zikapita. Watu wakaanza kuinua vichwa na kunitazama.

"Iko wapi?" akanong'ona mtu wa hernia.

"Inazunguka," nikasema.

Ndipo Mama Kahindo akatoka mlangoni, akija polepole katikati ya maharagwe. Nguo yake ilikuwa na damu kifuani. Akasimama juu yangu.

"Unaisikia na sikio gani?"

"Yote mawili, mama. Lala chini!"

"Ziba masikio. Na vidole. Kabisa."

Nikaziba.

"Ndege iko?"

Nikasikiliza. Ilikuwa pale pale. Haikupungua hata kidogo. Kwa kweli, iliongezeka.

"Iko," nikasema, na nilipolisema neno hilo nikaanza kuelewa.

"Basi ndege iko ndani yako. Ni kinini, papa. Inalia mu masikio ya watu wote. Jana nilitaka kukuambia."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa wa hernia, akashika tumbo, akaomba kwa machozi watu wasimchekeshe. Kisha shamba zima. Nikasimama niondoke kwa heshima, na hapo ndipo nikagundua kwamba kikwembe cha maua ya njano hakikukimbia pamoja nami. Kilikuwa kimebaki mlangoni. Kuku walikuwa wamesimama juu yake.

"Funika ile Rughenda yako!" akapiga kelele Mama Masika, huku akifukia makayabo kwa mguu. (Mama Kahindo alikuwa ameshayaona yote. Aliyakusanya moja moja, bila neno.)

Tuliporudi ndani ndipo nikaelewa damu ya kifuani. Kwenye kitanda cha pembeni kuna mtoto wa kike wa miaka mitatu. Malaria imemla damu mpaka viganja vikawa vyeupe, na asubuhi hii walikuwa wanamtilia damu ya baba yake. Mtoto mwenye sindano ile hawezi kukimbizwa.

"Mama," nikamwuliza Mama Kahindo, "ulijua tangu mwanzo kama hapana ndege?"

"Nilijulia wapi? Sikio la Rughenda ndilo lilisema." Alikuwa anafunga bendeji upya mkononi mwa mtoto, mpira ulilegea kidogo katika purukushani, ndiyo ile damu. "Nililala juu yake. Nikangojea bomu. Halikuja, nikatoka kukutafuta weye."

Aliiamini ndege yangu. Aliiamini, na hakukimbia.

Nikatoa kile kibiriti chini ya mto, kitupu tangu alipochukua vidonge vya kwanza, nikampa. Nikamweleza mpango wangu wote. Akanipigia hesabu kwa vidole: siku tano zaidi, kila kidonge mbele ya macho yake.

Naongeza mistari hii Jumamosi, juu ya magunia ya chumvi, maana sikupata dereva wa kumwamini karatasi hii. Papa Kambale alikuwa amekimbilia Mbau, kwenye njia ya Mambasa, akajificha chini ya miti na lori lake, kisha akavunjikiwa ekseli palepale. Alikaa siku zote hizo akingoja chuma kutoka Butembo. Begi langu lilirudi na mtu wa baiskeli, pamoja na ujumbe: "Mwulize fundi, ndege imeshatua?" Leo amekuja kunichukua.

Nilimeza vidonge vya mwisho barabarani, mbele ya abiria wote, na Mama Kahindo akanifungulisha kinywa kama ng'ombe wa mnada. Redio nimezifunga kwenye kikwembe cha maua ya njano, zawadi ya Mama Masika, ambaye anakula maharagwe yasiyo na chumvi na ananilaumu mimi. Chandarua nimekivaa shingoni, nisikisahau. Yule mtoto nimemwacha ameketi mlangoni akila embe, viganja vyake vimeanza kuwa na rangi.

Sitarudi, jamaa zangu. Nadhani mnajua. Mvua imekatika. Lori lilipoanza kutembea niligeuka kuaga, na wagonjwa wote wa Bungulu walikuwa wamepanga mstari, vidole masikioni, macho mbinguni.

Ninyi mlio ndugu zangu, tafadhali msicheke kwa sauti kubwa. Masikio bado yananilia kidogo, nikiwasikia nitawaambia abiria walale chini.